Mhandisi mhitimu wa Kusini, pata sahihi ya msimamizi kabla mradi haujafungwa

Hapa Mtwara nimewapokea kazini vijana wengi wenye shahada ya uhandisi ambao huamini kwamba miaka mitatu ikishapita, usajili wa mhandisi mtaalamu utakuja wenyewe. Hauji. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997 inamkataza mtu kujiita mhandisi bila kusajiliwa, na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB), inapopokea maombi ya kupanda daraja, hutaka kuona uzoefu uliopatikana chini ya usimamizi, ukaandikwa na kuthibitishwa.

Jisajili kwanza kama mhandisi mhitimu mara tu unapopata cheti chako, na kama ulisoma nje ya nchi, shahada yako itambuliwe mapema na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU). Ulizia pia SEAP, mpango wa bodi ulioanza mwaka 2003, ambao humpeleka mhitimu kwenye mafunzo kwa vitendo ya miaka mitatu chini ya mhandisi aliyesajiliwa. Hayo yote yanapatikana kwa kufuatilia tu. Kinachowakwamisha wengi ni daftari la kumbukumbu za kazi.

Chukua mfano wa siku ya kumwaga zege kwenye kalavati. Wengi huandika, "Leo tumemwaga zege," na kufunga ukurasa. Maneno hayo hata kibarua angeweza kuyaandika. Mhandisi aeleze kwamba alijaza koni ya slampu, ile ya kupima ulaini wa zege, kwa matabaka matatu, akashindilia kila tabaka mara 25, akainua koni na kupima zege limeshuka kiasi gani, na kwamba alipoona limezidi maji alilikataa, akitaja na sababu. Aeleze kwamba vipande vya zege vya majaribio vitavunjwa ili kupima nguvu baada ya siku 7 na siku 28. Kama kalavati liko karibu na bahari, tuseme njia ya Mikindani, aandike alivyokagua biskuti zinazoshikilia nondo mbali na fomu, kwa kuwa chumvi ikipenya kwenye zege jembamba nondo hupata kutu na zege hupasuka. Kwenye usaili wa bodi wajumbe huuliza uamuzi gani ulikuwa wako, na ukurasa wa namna hiyo unakuwa umekwisha kujibu.

Sahihi ya msimamizi kwenye daftari ndilo jambo linalotuumiza zaidi sisi wa Lindi na Mtwara, kwa sababu kazi zetu nyingi huja na miradi na huondoka nayo. Upanuzi wa bandari, bomba la gesi kutoka Madimba hadi Dar es Salaam, matengenezo ya barabara baada ya Kimbunga Hidaya kuikata pale Somanga mwezi Mei 2024: kazi kama hizi hukusanya wahandisi kwa muda, kisha kila mmoja huenda zake. Kijana mmoja aliniletea daftari lililoandikwa vizuri sana, lakini kurasa za kazi yake ya awali hazikuwa na sahihi hata moja, na msimamizi wake alikwishahama na hapokei simu. Aliniomba nimsainie. Nilikataa, na iliniuma, maana kazi ile sikuiona kwa macho yangu, na sahihi ya mhandisi ni ushahidi.

Kwa hiyo peleka daftari kwa msimamizi kila mwisho wa mwezi, akiwa bado saitini, na hakikisha ameandika jina na namba yake ya usajili. Ukisikia mradi unakaribia kukabidhiwa, omba barua inayotaja kazi ulizofanya na tarehe zake. Na kama mwajiri wako hana mhandisi mtaalamu hata mmoja, hali ambayo kwa wakandarasi wadogo huku si ngeni, usisubiri mkataba uishe: nenda kwenye wakala za barabara, TANROADS au TARURA, au ya maji vijijini, RUWASA, mkoani kwako, ueleze hali yako kwa heshima, uombe nafasi ya kujifunza chini ya mhandisi aliyesajiliwa, kisha uiandikie bodi kuijulisha kuhusu mabadiliko ya msimamizi kabla hujaanza kuhesabu muda mpya.