Usiiuze baiskeli ya babu

Ndugu, umeuliza kama uiuze baiskeli kuukuu aliyokuachia babu kwa kuwa breki hazishiki na pedali inagonga. Mimi nasema usiiuze.

Ninayo ya namna hiyo hapa Tabora: nyeusi, magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma badala ya waya. Ni nzito kweli, na siku ya mvua lazima ufunge breki mapema, maana ringi ya chuma ikilowa, raba za breki huteleza. Hilo halina dawa kamili. Badilisha raba zilizokauka, punguza mwendo.

Hiyo ko, ko, ko kila ukikanyaga, mara nyingi ni pini inayoshika mkono wa pedali imelegea. Fundi anaigonga nyundo, anakaza nati, basi. Ikiwa imelika, weka mpya. Ila usiendeshe hivyo hivyo, itaharibu mkono wenyewe.

Kiti changu kimepasuka, nimekishona kwa uzi wa viatu. Lakini keria ile imebeba mahindi, madumu ya maji, na mwanangu usiku alipougua. Hata mtu akiisukuma gizani, naijua kwa mlio wake.