Askari wamejaa kwenye uvimbe, mbona saratani haiishi?

SWALI: Daktari, mdogo wangu wa kiume ana miaka 24. Amekatwa kinyama cha shingoni na majibu yanasema ni limfoma ya Hodgkin, saratani ya tezi za limfu. Ripoti inaeleza kuwa seli za saratani ni chache, zimetapakaa katikati ya limfosaiti, eosinofili na makrofaji nyingi. Tumeambiwa hizo nyingi ndizo askari wa mwili. Je, si dalili kwamba kinga yake inapambana? Kuna mtu anatushauri tumpe dawa ya kuongeza kinga kwa miezi mitatu, askari wamalize kazi wenyewe, kemo ije baadaye ikibidi.

JIBU: Msimpe hiyo dawa, na kemo isisubiri hata wiki moja kwa sababu yake. Ripoti mmeisoma vizuri. Mliyepotoshwa naye ni huyo mshauri.

Seli ya saratani katika Hodgkin inaitwa Reed-Sternberg: kubwa, mara nyingi ina viini viwili vinavyokukodolea kama macho ya bundi. Kwa kawaida ni kama asilimia 1 tu ya seli zote za uvimbe. Kwa hiyo kile kinundu mnachokipapasa shingoni, karibu chote ni seli zisizo na saratani. Zimefikaje hapo? Zimeitwa, na aliyeziita ni saratani yenyewe. Reed-Sternberg humwaga kemikali iitwayo CCL17 inayovuta aina fulani za seli T (kundi la limfosaiti), zikiwemo zile ambazo kazi yake ni kuwatuliza askari wengine. Hutoa pia interleukin-5, ambayo huita eosinofili. Chini ya hadubini unaona seli moja kubwa imezungukwa na seli T zilizoibana pande zote, kama watazamaji waliolizunguka bao. Wanatazama, hawapigi. Wengine wanamlisha mchezaji: baadhi ya seli T hizo hubeba protini iitwayo CD40L, na zikigusana na seli ya saratani huipa ishara ya kuendelea kuishi. Ndiyo maana Reed-Sternberg ni ngumu sana kuoteshwa peke yake maabara.

Kwa nini askari hawapigi? Seli T ina breki iitwayo PD-1. Kazi yake halali ni kuizuia isiushambulie mwili. Reed-Sternberg, kwa hitilafu iliyo kwenye kromosomu ya 9, hutengeneza kwa wingi PD-L1 na PD-L2, yaani miguu ya kuikanyaga breki hiyo. Juu ya hapo, nyingi zimepoteza protini za MHC za daraja la kwanza, ambazo ndizo kitambulisho kinachokaguliwa na seli T za kuua. Hata makrofaji si za kushangilia: utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa wagonjwa wa Hodgkin wenye makrofaji nyingi kwenye uvimbe walikuwa na matokeo mabaya zaidi.

Sasa mrudieni huyo mshauri mumuulize swali moja: dawa yako inaongeza seli gani? Seli T zinazotuliza wenzao? Makrofaji? Hatajibu, kwa sababu kwenye chupa neno “kinga” ni kama maji kwenye ndoo, ama imejaa ama imepungua. Mlonge ni mboga nzuri, habat soda ni kiungo kizuri. Hakuna hata kimoja kinachoondoa mguu kwenye breki.

Dawa zinazouondoa zipo: nivolumab na pembrolizumab, zilizoidhinishwa Marekani kwa Hodgkin iliyorudi au iliyokataa dawa, mwaka 2016 na 2017. Katika jaribio la awali la nivolumab, uvimbe ulipungua au kutoweka kwa wagonjwa 20 kati ya 23. Kazi yake si kuongeza idadi ya askari, ni kuutoa mguu kwenye breki.  Na breki ikiachiwa, baadhi ya askari huigeukia tezi ya thairoidi iliyo shingoni, mapafu au utumbo mpana, na mgonjwa hulazwa kwa hilo. Kinga iliyochochewa kweli kweli ina madhara ya kweli. Kwa mdogo wako anayeanza, kemo ya ABVD, dawa nne kwa dripu kila baada ya wiki mbili, bado ni msingi imara, na walio wengi hupona.

Huo wingi wa askari una hasara nyingine inayonikera zaidi ya chupa. Anayenyonya mitoki (tezi zilizovimba) kwa sindano nyembamba huweza kuvuta watazamaji tu na kuikosa ile seli moja katika mia. Jibu linarudi “limfosaiti za kawaida”, mgonjwa anaanzishiwa dozi ya TB ya miezi sita bila kuthibitishwa, tezi inaendelea kukua. TB ya tezi ipo na ni nyingi kwetu, lakini ithibitishwe. Tezi isiyoeleweka itolewe nzima, ipasuliwe katikati, itiwe kwenye formalini ya asilimia 10 iliyo angalau mara kumi ya ukubwa wake. Formalini hupenya kama milimita moja kwa saa, kwa hiyo tezi nene isiyopasuliwa huoza katikati ingali ndani ya chupa. Kisha maabara ipake rangi za kutambua protini za seli: CD30, CD15 na PAX5, pamoja na CD3 na CD20. Ripoti ya mdogo wako isipotaja vipimo hivi, ulizeni.

Na ile “sindano ya kupunguza uvimbe” kabla ya kinyama: deksamethazoni au prednisolone, ambazo ni steroidi, huua limfosaiti, tezi hunywea ndani ya siku chache, familia hushukuru. Baada ya wiki kadhaa inarudi, na kinyama kikikatwa wakati imenywea hakisomeki. Baadhi ya dawa zinazouzwa kama za asili zimewahi kukutwa na steroidi hizo hizo. Mkisikia “uvimbe ulipungua wiki ya kwanza”, hofieni hilo kwanza.

Wakati wa kemo mambo ni yale yale. Vinblastine, moja ya dawa nne za ABVD, huvunjwa na ini kwa kimeng'enya CYP3A4; kitu kikikizuia kimeng'enya hicho kwenye ini, dawa hubaki nyingi mwilini na mishipa ya fahamu huweza kuumia. Bilirubini (kipimo cha hali ya ini) ikipanda kwa ajili ya mizizi ya kuchemsha, dozi ya doxorubicin, nyingine kati ya hizo nne, hupunguzwa, na saratani hupata nafuu ambayo mgonjwa hakuipata. Joto likifika nyuzi 38, aende hospitali usiku huo huo.

Chupa mlizokwisha kununua msizitupe. Mje nazo kliniki na lebo zake, na mseme alianza kunywa lini, kabla hajatundikiwa dripu ya kwanza.