Kabla ya kusaini ruzuku, waonyeshe wafadhili risiti yako

Mwaka 2007 kikundi chetu cha Baraka, Fizi, mashariki mwa Kongo, kilipata dola 3,000 za ruzuku. Wakati ule meli ya MV Mwongozo ilikuwa bado inashusha watu kutoka Kigoma, Tanzania, familia zilizokaa kambi za wakimbizi za Lugufu na Nyarugusu miaka 10 hivi, na wengi walikuta msitu palipokuwa shamba lao. Ombi letu lilikuwa jepesi: majembe, pingili za muhogo usioshikwa na ugonjwa wa mozaiki, nyavu mbili. Basi.

Kila wiki kuna anayeniuliza namna ya kuandika ombi. Kuandika utajifunza. Mimi nataka tuzungumzie siku ya kusaini, maana siku ile sisi tulisaini kama watu wenye njaa.

Majembe 60 tuliyanunua sokoni kwa mama mmoja asiyejua kuandika. Tulichana karatasi ya daftari, tukaandika idadi na bei, akapaka wino wa biki kwenye dole gumba akabandika. Miezi minne baadaye mkaguzi alikuja kutoka mjini, akaitazama, akaisukuma kando. Haina namba, haina muhuri. Majembe yenyewe yalikuwa yanalima mita 200 kutoka alipokaa, lakini dola 300 zikahesabiwa hazina maelezo, turudishe.

Tulizirudisha kutoka kwenye MUSO yetu. Kwa asiyeijua, MUSO ni kikundi cha kuweka akiba na kusaidiana, na ina masanduku matatu: la kijani ni la akiba na mikopo, jekundu ni la misiba na ugonjwa, la bluu ni la pesa zinazotoka nje. Tulikomba la kijani, halikutosha, tukafungua jekundu. Wiki iliyofuata mwenzetu alifiwa na mtoto. Nilikuwa mweka hazina. Nilienda msibani mikono mitupu, nikakaa nje na wanaume.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini, chukua karatasi ile ile utakayoandikia sokoni, mpelekee mfadhili, muulize: hii mtaipokea? Wengi wanakubali orodha yenye dole gumba na mashahidi wawili. Wakikubali, jibu liandikwe ndani ya mkataba, si kwa mdomo, kwa sababu anayekubali leo si yeye atakayekuja kukagua. Wakikataa, nunua mjini Uvira penye maduka yenye mihuri, na gharama ya lori iwe kwenye bajeti. Yetu haikuwemo. Akaunti ilikuwa Uvira pia, na kila awamu ya pesa ilitutoa watu wawili, nauli na malazi, barabara ya mvua mnaijua.

Hati ya usajili isiwatishe sana. Sisi tulipewa pesa tukiwa na karatasi ya utawala wa mahali tu, huku faili letu la ASBL, yaani shirika lisilo la faida, kwa sheria ya tarehe 20 Julai 2001, likiwa bado linatembea Kinshasa.

Lililotutisha ni orodha ya wanaopewa. Mkataba ulisema wanaorudi tu. Na waliobaki je? Waliolala milimani miaka yote ile, mbuzi wakaliwa na kila aliyepita na bunduki? Mzee mmoja alikuja mkutanoni akauliza kama anaadhibiwa kwa kutopanda meli. Hakuna aliyemjibu. Majembe yalikaa ghalani wiki tatu tukiogopa kuyagawa. Mwishowe tuliandika barua ya ukurasa mmoja kuomba nusu kwa nusu, na jibu lilikuja siku tano baadaye: sawa. Wiki tatu za kununiana, kumbe dawa ilikuwa karatasi moja! Sharti litakalowagombanisha na majirani liombeeni mabadiliko mapema; wafadhili hawaishi hapo, hawawezi kuliona.

Sasa hivi pesa ya mfadhili inakaa kwenye sanduku la bluu peke yake. Sanduku lipo kwa mmoja, ufunguo kwa mwingine, na kila Jumamosi kiasi kilichobaki kinasomwa kwa sauti mbele ya wote, hata kikiwa dola saba.