Je, Furaha ya Watu Iwe Kipimo cha Mafanikio ya Jamii?

SWALI: Assalamu alaykum, Sheikh. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nasomea maendeleo ya jamii. Tumefundishwa kwamba nchi ya Bhutan hupima maendeleo yake kwa furaha ya wananchi badala ya pato la taifa. Tena kila mwaka hutolewa ripoti ya furaha duniani, Finland ikiwa ya kwanza mfululizo tangu 2018, na sisi Tanzania tunatajwa huko mkiani. Je, Uislamu unakubali kipimo hiki? Na siku wakija kuniuliza maisha yangu ni ngapi kwenye kumi, nikitaja namba ndogo nitakuwa nimekufuru neema?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, binti yangu.

Waliochoka kuhesabu fedha peke yake wana haki. Surat At-Takaathur imetuonya na kushindana kwa wingi, na Mtume (s.a.w.) amesema utajiri si wingi wa vitu, bali ni utajiri wa nafsi. Hadithi hiyo wameipokea Bukhari na Muslim. Hapo tuko pamoja nao.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Ripoti hiyo humtaka mtu afikirie ngazi yenye vidato kuanzia 0 hadi 10, kisha aseme amesimama wapi. Sasa nenda kamuulize muumini. Mtaani kwetu yupo mama mmoja mjane muuza vitumbua, mguu umemvimba, na kila alfajiri anafuata maji kwa ndoo bonde la pili kwa sababu bomba limekauka. Nikimpitia baada ya Sala ya Alfajiri na kumuuliza hali, jibu lake ni moja: "Alhamdulillah, Sheikh, tunashukuru." Na anasema kweli, moyo wake umetulia kwa kumkumbuka Mwenyezi Mungu kama ilivyo katika Surat Ar-Ra'd, aya ya 28. Lakini shukrani yake ni baina yake na Mola wake. Mwenye dhamana ya maji akiichukua "Alhamdulillah" ile akaiandika kuwa ushahidi kwamba kazi yake imekamilika, amemdhulumu mara mbili.

Tena furaha ya wengi yaweza kufunika kilio cha wachache. Hiyo Bhutan yenyewe, ambayo tangu miaka ya 1970 mfalme wake Jigme Singye Wangchuck alinadi furaha ya taifa, mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wake wapatao laki moja wenye asili ya Kinepali waliondoka, wengi wao kwa kufukuzwa, wakaishia kwenye kambi za wakimbizi nchini Nepal. Ukiwapima waliobaki, yule aliye kambini humuoni kwenye hesabu.

Basi mtawala aulizwe nini? Mtume (s.a.w.) amesema katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi kwamba atakayepambazukiwa akiwa na amani katika makazi yake, ana afya ya mwili, na ana chakula cha siku yake, ni kama aliyekusanyiwa dunia yote. Amani, afya na chakula. Haya yanaonekana kwa macho, na mtu anaweza kuwajibishwa kwayo. Utulivu wa moyo ni tunu ya Allah, hakuna wizara inayoweza kuugawa.

Nalipenda sana tukio la Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa khalifa, mtawala wa Waislamu. Usiku mmoja, nje ya Madina, alimkuta mwanamke amebandika chungu chenye maji matupu ili kuwapumbaza wanawe wanaolia njaa mpaka walale. Umar akarudi mjini, akajitwika gunia la unga. Mtumishi wake Aslam akataka kumpokea, akamwambia: "Je, utanibebea mzigo wangu Siku ya Kiyama?" Akapika kwa mkono wake, akipuliza moto, moshi ukipita katika ndevu zake. Watoto wakala, wakashiba. Umar hakuondoka. Alikaa pembeni akiwatazama mpaka wakacheka na kulala, akamwambia Aslam kwamba njaa ndiyo iliyowakesha na kuwaliza, naye hakutaka kuondoka kabla ya kuona aliyoyaona.

Utaona kwamba kicheko cha watoto kilikuwa na uzito mkubwa kwake. Ila alianza na chungu, na alikitafuta kicheko hicho kwenye hema la mwisho, pale ambapo hakuna aliyekuwa anahesabu.

Ama namba yako, sema kweli. Nabii Ayyub (a.s.) alitamka kwamba dhara limempata, na Mwenyezi Mungu bado akamwita mwenye kusubiri. Lililokatazwa ni kumlalamikia Allah mbele ya waja. Kueleza shida kwa mwenye wajibu wa kuiondoa ni ushahidi, na ushahidi haufichwi. Akija huyo mwenye karatasi ya maswali, mtajie namba yako, kisha mwambie na habari ya bomba.

Wallahu a'lam.