Muulize Fundi: Nibaki na Makita au Ninunue Festool?

Swali: Shikamoo Mzee. Mimi ni seremala hapa Langoni, Lamu. Natengeneza milango, madirisha na samadari. Mwalimu wangu alinifunza kwa Makita, na vyombo vyangu vyote ni Makita: drili ya betri na betri zake mbili za volti 18, grainda na msumeno wa mviringo. Sasa nimepata kazi ya nyumba ya wageni kule Shela, milango ya mvule na mbambakofi, na mwenye nyumba ataka mkono ukipita usiguse mkwaruzo. Sanda yangu, ile mashine ya kusugulia mbao kwa msasa, imekufa. Jamaa mmoja anitolea Festool mpya kutoka Ujerumani, lakini bei yake ni kama mara tano ya sanda ya Makita. Mwalimu asema fundi akianza na jina moja halihami. Wenzangu wasema ninunue ya bei rahisi, ikifa niitupe. Nimsikilize nani?
Fundi kijana, Langoni

Jibu: Marahaba, mwanangu, na hongera kwa kazi ya Shela. Mwalimu wako asidharauliwe. Neno lake lina uzito, ila uzito huo uko kwenye betri na vipuri, hauko kwenye jina. Betri zako haziingii kwenye DeWalt, Milwaukee wala Bosch. Kila kampuni imeunda mdomo wake. Ndiyo maana utaona drili ikiuzwa pamoja na betri mbili na chaja kwa bei ya kuvutia, halafu ukienda kununua betri peke yake, bei inakutisha. Wako waliokubaliana kuchangia: tangu 2018 Metabo na kampuni kadhaa za Ulaya zinatumia betri ya aina moja. Makita haimo. Kwa hiyo kila kitakachokuja cha betri, baki ulipo.

Lakini sanda ya kazi kama hiyo nakushauri iwe ya waya, na chombo cha waya hakikufungi na mtu. Soketi haiulizi jana palichomekwa nini. Hapo chagua kwa kazi.

Sasa tuitazame hiyo Festool. Ni mashine nzuri sana, nasema bila kusita. Kampuni ilianza Ujerumani mwaka 1925, na watu wengi hudhani unalipia nguvu ya mota. Sifa yake kubwa hasa ni vumbi: sanda, bomba na mashine ya kunyonyea vimeundwa kufanya kazi pamoja, vumbi linaondoka kabla halijakufikia puani. Jamaa yako anakuuzia sanda tu. Bila ya mashine yake ya kunyonyea vumbi, umelipa bei ya mfumo mzima ukabaki na kipande.

Hili la vumbi ndilo linaloniuma, na nataka ulisikie vizuri. Vumbi la mvule linawasha macho na ngozi, na linaleta pumu. Zaidi ya hayo, mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na mianzi yake. Mafundi wetu wa pwani wanajifunga kitambaa usoni na kudhani wamejikinga. Kitambaa kinazuia takataka kubwa. Lile vumbi laini, lenye madhara zaidi, linapita.

Basi hesabu yangu ni hii. Tuseme sanda ya kawaida ya Makita au ile Bosch ya buluu (ya kijani ni ya matumizi ya nyumbani, achana nayo kwa kazi hii) ni shilingi 14,000, na Festool ni 70,000. Tofauti ni 56,000. Kwa tofauti hiyo tafuta mashine ya kunyonya vumbi yenye chujio la vumbi laini, uiunganishe kwenye tundu la vumbi la sanda kwa bomba linalokaa sawasawa, ununue barakoa ya kweli ya FFP2 (daraja la barakoa zinazochuja vumbi laini), na kitakachobaki kiende kwenye msasa. Mapafu yako yatapata sehemu kubwa ya faida ile ile.

Na ulaini anaoutaka mwenye nyumba unatoka kwenye msasa. Anza na msasa namba 80, panda 120, kisha 180, umalize 240; namba ikipanda, msasa ni laini zaidi. Ukiruka namba, mikwaruzo ya ile ya nyuma inabaki, na siku ya kupaka vanishi itajitokeza yote. Msasa uliochakaa utupe. Mbambakofi ni mgumu, unaula msasa kwa kasi, kwa hiyo gharama yake iingize kwenye makisio unayompa mwenye nyumba, usijibebeshe wewe. Kwenye nakshi usipeleke sanda kabisa. Itakula kona zote ulizozichonga kwa patasi.

Kuna na habari ya vipuri. Kaboni za Makita, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota na kuchakaa, zina namba zake, CB-325 kwa mfano. Ukimtajia muuzaji wa Mombasa namba, anakutumia kwa basi hadi Mokowe, mashua inamalizia mpaka Amu. Sahani ya chini ya Festool ikichakaa, nayo huchakaa, utamngoja jamaa arudi Ujerumani? Milango ya watu imelala karakanani? Ungekuwa na fundi wa kuihudumia karibu na kazi ya kusugua kila siku mwaka mzima, ningekwambia nunua leo.

Wenzako nao hawakukosa kabisa. Grainda ya kukata chuma mara moja moja, nunua ya bei nafuu. Sanda ni kitu kingine, inanguruma saa nyingi ndani ya vumbi, na beringi na swichi ndizo zinazoanza kufa. Jihadhari zaidi na Makita bandia. Maandishi ya kwamba imetengenezwa China peke yake si dalili, maana Makita halisi ina kiwanda huko. Nunua kwa mwenye risiti na dhamana.

Swali: Kaka yangu aliye Marekani ataka kuniletea DeWalt ya volti 20. Hapa nimeziona za 18 tu. Ya kwake ina nguvu zaidi? Itafanya kazi?
Msomaji, Maweni, Malindi

Jibu: Ni kitu kimoja. Ndani ya betri mna seli tano. Zikijaa kabisa ni karibu volti 4 kila moja, na hapo ndipo Wamarekani wanaposoma 20. Wastani wake kazini ni 3.6, ndiyo 18. Betri zitaingiliana. Chaja aiache huko kama imeandikwa volti 120 peke yake, kwa sababu umeme wetu ni 240; nunua chaja hapa. Betri za ziada azibebe mkononi ndani ya ndege, na asome Wh (wati-saa, kipimo cha umeme ulioko ndani) kwenye ubavu wa betri: mpaka 100 hahitaji ruhusa, kutoka 100 hadi 160 aombe idhini ya shirika la ndege kabla ya safari. Akikuahidi msumeno wa huko wa kuchomeka kwenye soketi, mwambie asijisumbue, nao ni wa volti 120.