Bamvua halina shauri

Mwanangu,

Waalaykum salaam. Umeniambia daktari amekupa hiari: ubaki na lithiamu, dawa ya haya maradhi yako ya akili kupaa mno kisha kuzama huzunini, ila inakutetemesha mikono hata maharusi huwezi kuwachora piko, au uhamie dawa nyingine, valproeti. Unataka nikuchagulie. Barua nimeisoma mara tatu, na kila nikifika penye mikono namuona mjomba wako, naye mmezaji wa lithiamu kama wewe.

Habari yake unaijua, ila hukuambiwa yote. Mwaka ule Ramadhani iliangukia kaskazi, jua la Matondoni linaunguza, naye akaona haya kula mchana mbele ya mafundi wenzake. Akafunga, na kukalafati jahazi hakuacha. Jasho linamtoka, maji hanywi. Akalalamika mgongo, nikamnunulia daiklofenaki dukani. Mimi, dada yake, kwa mkono wangu huu. Siku ya nne hata kikombe cha kahawa hakishiki. Anatapika, anapepesuka, ulimi mzito. Watu wakasema jini, nami nikakubali! Usiku kucha tukamfukiza ubani badala ya kumtia mashuani. Asubuhi mjini wakampima damu: lithiamu imezidi mno. Daktari akatueleza kwamba lithiamu ni chumvi, na figo ndizo huitoa. Mwili ukikauka, figo huizuia, na dawa ile ya mgongo huongeza kuizuia. Alipona, alhamdulillahi. Lakini mpaka leo nikinusa ubani, moyo hunichoma.

Kwa hiyo nataka kwanza kujua mtetemeko wako ni upi. Kuna ule mdogo wa kawaida, ambao pengine daktari ataupunguza kwa kushusha kipimo, na kuna ule wa dawa iliyozidi. Damu umepima lini? Figo je, na tezi ya shingo? Usinijibu "zamani kidogo".

Na hiyo valproeti... wewe umeolewa juzi, na habari ya kutaka mtoto umeniandikia mwenyewe. Katika watoto 10 ambao mama zao waliimeza wakiwa na mimba, kama mmoja huzaliwa na kasoro, na 3 au 4 huchelewa kusema na kujifunza. Daktari amekwambia? Kama hakukwambia, muulize. Muulize na lamotrijini, dawa nyingine ya maradhi hayohayo, ingawa hiyo hupandishwa polepole kwa wiki nyingi, vipele vikitoka huna budi kuwahi hospitali, na husaidia zaidi kwenye huzuni kuliko kwenye kupaa. Wala lithiamu usiiache ghafla.

Unajua ninavyosema siku zote: bamvua halina shauri. Bahari ikiwa bamvua hujaa sana na hupwa sana, na wewe usiamue ukiwa juu wala ukiwa chini. Ngoja maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana. Barua hii uliiandika saa nane za usiku, umesema mwenyewe.

Lakini mikono yako ndiyo riziki yako, hilo nalijua. Nitakwambiaje uvumilie, na maharusi wanakukimbia? Tena huyu mjomba wako, tangu apimwe damu kwa wakati, lithiamu hiyohiyo imemtuliza miaka na miaka. Ningekuwa mimi, ninge... Hapana. Nilishamwamulia mtu dukani mara moja.

Nenda kliniki na mumeo, karatasi ya vipimo uipige picha unitumie. Mjomba wako anakusalimu. Chupa yake ya maji haimtoki ubavuni, na Ramadhani hafungi tena, analisha maskini. Wale mafundi wenzake ndio humkumbusha anywe.

Mama yako