Mila zetu zilifuata maji

Mhariri,

Swali lenu la juma hili linauliza ni mila ipi ya wazee ambayo vijana wameitupa na ambayo ingefaa irudishwe. Sisi Wapokomo, wakulima wa kando ya Mto Tana nchini Kenya, tunajua jibu mnalolitarajia: Ngadzi, ngoma takatifu ambayo Waingereza waliichukua mwaka 1902 na ambayo ingali katika makumbusho jijini London. Irudishwe, sina ubishi. Ila shutuma hiyo kwa vijana ndiyo iliyonichoma, kwa sababu huku Tana hakuna kijana aliyetupa kitu. Kilichotuondokea ni mafuriko.

Mvua ziliponyesha Mlima Kenya na Nyandarua, mto ulifurika mara mbili kwa mwaka, ukajaza mabonde, kisha ukarudi mkondoni na kutuachia tope jipya. Kisha yakaja mabwawa ya umeme huko juu ya mto: Kindaruma ilianza kazi mwaka 1968, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988, na mto ukatulizwa.

Nyanya yangu, aliyelima karibu na Ngao, hakuijua kalenda ya kupanda mpunga. Maji yaliposhuka alikwenda ukingoni mwa bonde, akavua ndara, akadidimiza kisigino kwenye tope na kukizungusha. Shimo lilipojaa maji alisema "bado", nasi wajukuu tukarudi nyumbani na mbegu zetu. Likibaki wazi, kuta zake zikiwa zimeshika hata mikunjo ya ngozi ya kisigino, alituita tujipange. Jirani yake, aliyepima kwa kufinyanga tope kiganjani, alibishana naye kila msimu, na sikumbuki hata mara moja mmoja wao akikubali kwamba ameshindwa. Walichokubaliana ni kwamba pale tope linapong'aa mtoto asikanyage. Kulikuwa na nyimbo za siku hiyo tu, zisizoimbwa kwenye mahindi wala migombani, na anayeanzisha wimbo alikuwa yule aliye mbele kwenye mstari. Mafuriko yalipopungua, mabonde yakakauka, na nyimbo hizo zikakosa mahali pa kuimbiwa. Mama yangu anazijua zote. Mimi najua vipande.

Kwa hiyo nilikuwa nimeazimia kuwajibu kwamba kirudishwe chenyewe kilichozaa mila, yaani maji. Lakini mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yamenipunguzia ukali. Barabara ya Garissa na Madogo ilizama, na binamu zangu walilala kambini wakiwa na magodoro yaliyolowa. Wazee walijenga kwa matete na miti, nyumba ambayo familia iliweza kuisimamisha upya. Leo tumejenga kwa saruji na mabati, tuna shule na zahanati, na mafuriko ya sasa, mabwawa yakishafurika, hayana desturi ya kupungua polepole kama yale ya nyanya.

Basi nikilazimishwa kupiga kura, ninachagua mabwawa yabaki, ingawa kwa masharti: katika msimu wa kupanda maji yafunguliwe kidogo kidogo, yafike mabondeni bila kufika milangoni, na tangazo litolewe redioni juma zima kabla, kwa Kipokomo na kwa Kiorma, maana ng'ombe wa Waorma nao hushuka mtoni kupitia malka, yaani njia za mifugo, zilizo kando ya mashamba hayo hayo.